Redio ya Bibi Harusi

Jumanne, 5 Agosti 2025

Redio koli mbili zimefika kutoka Kariakoo, na vidude viwili vya sikioni visivyo na waya. Hatimaye! Harusi za hapa Dunda zinanimaliza miguu — wanaume msikitini, wanawake nyumbani, na mimi mratibu nakimbia katikati. Nimebonyeza kidude mpaka kidole kikauma. Hakiungani na redio ng'o. Kimejiunga na simu ya mume wangu Ausi, kikaanza kuniimbia taarabu! Nusura nikitupe chooni.

Jumatano, 6 Agosti

Vimekubali! Ausi kaenda na redio yake mpaka sokoni, nikamsikia kama yumo ndani ya mtandio wangu. Wala hakuna anayekiona.

Kazi ya kwanza ni keshokutwa, nyumbani kwetu wenyewe. Shadya, binti wa marehemu Baba Mdogo. Baba Mkubwa Sharifu ndiye aliyemlea, ndiye walii wake wa kumwoza, ndiye aliyemchagulia mume: Ramadhan, mwenye duka la vipuri Chalinze.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimempaka Shadya hina. Mikono ya baridi. Nikamuuliza kama anaumwa. Hapana. Anamtaka Ramadhan? Akaupuliza mkono wenye hina. Kisha akasema Baba Mkubwa hajamuuliza hata siku moja, ila kesho Sheikh lazima amuulize kabla ya kumwoza. Hapo ndipo atasema hataki. Nimwombee apate sauti tu.

Sikumwambia mtu. Sina raha.

Ijumaa, 8 Agosti. Alasiri

Ya Rabi, nimefanya nini.

Desturi yetu Sheikh huja mwenyewe na mashahidi wawili, akamuuliza binti mlangoni. Leo Sheikh goti linamsumbua. Baba Mkubwa akaona njia ya kujionyesha: ya nini kumtembeza Sheikh juani, na mimi, Swaumu wake, nina redio? Ausi akazima kidude chake ili Sheikh aongee kwenye redio yenyewe, wote msikitini wasikie.

Mimi changu sikukizima.

Nikampa Shadya redio. Akasema tutoke wote, anaona haya. Nikafunga mlango, nikasimama ukumbini. Swali la Sheikh likaja sikioni mwangu, nami nikampelekea mlangoni neno kwa neno: umeridhia kuozwa Ramadhan? Bonyeza, mdogo wangu, useme. Nilizuia hata pumzi ili nisimharibie.

Sheikh akauliza mara tatu. Mara tatu nikapeleka. Halafu nikamsikia akiwaambia mashahidi kwamba binti amenyamaza, na mwanamwali akinyamaza ameridhia. Baba Mkubwa akasema alhamdulillahi. Wakamwoza.

Nyumba ikalipuka vigelegele. Pale mlangoni sikuwa nimesikia sauti yake, nikaingia ndani nikiamini kashindwa, maskini. Shadya ananitazama, macho yanang'aa.

"Wamesemaje, dada? Nimewaambia sitaki. Mara zote tatu."

Nimepiga redio kwa ngumi. Nimeijaribu. Ukisema kwenye redio, hakiendi kitu! Kidude kikishaunganishwa, sauti inachukuliwa kwenye kidude. Kilikuwa sikioni mwangu. Walichokisikia msikitini ni pumzi yangu niliyoizuia.

Siku mbili nimeunganisha, nimejaribu, nimejisifu. Hili sikulijaribu. Mjinga mimi!

Nimempata Ausi redioni, kajitenga na watu. Nimemweleza yote. Kanong'ona nitulie, watu wameshakula haluwa, nikisema sasa wataona nimelitunga. Sheikh je? Kapanda bodaboda, kaondoka. Nikamwambia basi mpe redio Baba Mkubwa. Akasema atampa wakifika uani.

Nimefunga mlango kwa ufunguo, tuko ndani wawili. Naandika kwenye daftari la ratiba kwa sababu sijui mikono niifanyie nini. Shadya hanilaumu. Bora angenitukana. Kashika redio mapajani, kila mara anaibonyeza na kuiachia.

Dufu limefika uani. Ramadhan anakuja kumpa mkono mkewe. Mkewe! Akina shangazi wanamzuia mlangoni, wanadai kiingilio, wanacheka.

Shadya kasema, "Dada, waambie wewe. Yangu haitoki."

Na sasa Baba Mkubwa yumo sikioni mwangu.

"Swaumu, mwanangu, tufungulie."

Nimeichukua redio mapajani mwa Shadya. Nimebonyeza. Nimeachia.

"Swaumu?"

Nimebonyeza tena. Naona midomo ya Shadya inatamka: sema.

Kutoka uani namsikia Baba Mkubwa akiwageukia watu kwa furaha. Haya, kina mama, mpisheni bwana harusi. Swaumu hana neno, anafungua huyo.