Paluku Wawili, Faili Moja

Bwera, Kasese
Jumatano, 9 Agosti 2017

Yaya Hardy, kaka yangu mpendwa,

Habari za Kanada? Kifua kimepona? Natumaini Resty na watoto wameizoea ile baridi. Huku tunashukuru Mungu. Mama alihamia Bugoye kwa dada Biira, magoti yanamsumbua. Kwa hiyo katika nyumba hii ya Bwera nimebaki mimi na redio.

Tangu uondoke ni miezi kumi na sita. Nimekuandikia kwa simu mara nne, ukajibu mara moja kwa kidole gumba. Kidole gumba siyo salamu, yaya. Labda karatasi utaionea haya.

Unakumbuka tulivyoanza programu yetu ya kufunga mafaili katika ile ofisi ya kutafuta watu waliopotezana wakikimbia vita vya ng'ambo ya mpaka, upande wa Beni. Kompyuta ilikuwa ya kuazima, hatukuruhusiwa kugusa moyo wa mfumo wake. Ndiyo maana tukaandika programu ya kawaida, inayokaa katikati ya mtu na diski: mwenye neno la siri akifungua folda anasoma maneno, mwizi akiichukua mashine anakuta takataka. Wakubwa wa ofisi walisema kazi hiyo ni ya mwenye digrii kutoka Kampala. Mwenye digrii hakuja. Niliimaliza mimi, fundi wa simu, peke yangu.

Inafanya kazi. Kila faili inakatwa vipande vya baiti 4,096, na kila kipande kinafungwa kivyake. Wewe ulipoondoka tulikuwa na toleo la kwanza, ambalo majina ya mafaili lilikuwa linayaacha wazi. Mimi nikafunga na majina, kwa sababu mwenye nia mbaya akiona jina tu linamtosha.

Hapo ndipo nilipoharibu. Jina likifungwa linarefuka, na diski haikubali jina kupita baiti 255. Nilipiga hesabu: jina la baiti 175, yaani kama herufi 175, linaingia, la 176 linatoka 256. Baiti moja tu imezidi. Badala ya kuifanya programu ikatae na kupiga kelele, niliiambia ilikate jina kimya kimya kwenye 175.

Na majina yetu unayajua. Ukiandika Paluku peke yake, umeandika kila mzaliwa wa kwanza kutoka Butembo. Basi karani wetu Vasta alikuwa anaandika Paluku, baba yake, babu yake, ukoo, kilima, kijiji, parokia, na mwisho kabisa mama yake na jina la ubatizo. Marehemu Sosthène, mmoja wa wakimbizi walioandikishwa kwetu, ni Paluku. Kaka yake Zedekia naye ni Paluku: baba mmoja, mama mbalimbali, kila mmoja wa kwanza kwa mama yake. Mpaka baiti ya 175 hao ni mtu mmoja. Faili ya Zedekia ikakaa juu ya faili ya Sosthène, ikaifuta, na ile ya asili isiyofungwa nilikuwa nimeshaifuta mara tatu, kama tulivyokubaliana. Baiti nilizihesabu vizuri. Mama zao sikuwahesabu.

Kati ya mafaili 1,312 imepotea hiyo moja tu. Ofisini wananiambia ni kidogo. Lakini Sosthène, kabla hajafa, ndiye aliyemsimulia Vasta ni kwa nani aliwaacha watoto wake wawili njiani. Mkewe Kaswera alifika Bwera wiki tatu baada ya mazishi. Vasta anakumbuka kwamba ni kwa mwanamke mshonaji. Kijiji hakikumbuki.

Kaswera anakuja kila siku ya soko. Jana nilimweleza ukweli wote. Alinitazama, kisha akasema, "Ile mashine yako ilimeza bwana yangu, ikabakisha shemeji. Iko na ubaguzi." Nilicheka kwa aibu. Yeye hakucheka. Akauliza, "Sasa batoto, nitabatafuta wapi?"

Ungekuwapo, ungeisoma ile mistari ya programu ukaniuliza: na wale wa baba mmoja? Huku hakuna wa kuniuliza. Nikisema neno baiti, watu wanaaga.

Sasa sikiliza. Ile diski ya majaribio uliyobeba ina nakala ya Machi 2016, iliyofungwa na toleo la kwanza. Majina yake yako wazi, hayajakatwa. Neno la siri ninalo bado. Itafute, yaya: kwenye masanduku, kwenye makoti ya zamani, popote. Usijaribu kuifungua, nitumie hiyo faili moja ya Sosthène ilivyo, imefungwa.

Msalimie Resty, na wanao Bright na Jamidah. Mama na Biira wanakusalimu. Mungu akufunike huko uliko.

Ukiikosa hiyo diski, niandikie hivyo hivyo kwamba umeikosa. Kimya chako mimi nimekizoea. Kaswera sina haki ya kumzoesha.

Mdogo wako, anayekupenda hata akikasirika,
Yosamu