Gari la Baridi na Gari la Kiangazi

Zavkhan, 12 Oktoba

Mwanangu Urantsetseg,

Natangaza rasmi, mbele ya mbingu, milima na mbuzi mia mbili na kumi, kwamba honi ya furgoni langu, lile gari kuukuu la mizigo, imelia tena baada ya kimya cha miaka tisa. Mbuzi walitawanyika. Mama yako hakupiga makofi.

Salamu sasa. Mmeingia majira ya baridi kwa amani huko Ulaanbaatar? Wajukuu wamenona? Mifugo yetu imenona. Sisi wazima, ila presha ya mama yako haishuki. Juzi nilimpeleka hospitali ya mjini, kilomita tisini. Petroli ikaisha mlimani, tukarudi tukivutwa na ngamia wa jirani Jigjid. Dawa hakupata. Si kosa la gari. Furgoni hili limehamisha mahema ya familia saba na kuvuka mto uliofurika. Lina haki ya kuwa na kiu.

Simu huku haishiki, kwa hiyo barua anayo dereva wa basi. Mpe chai.

Baba yako,
Damdin

Ulaanbaatar, 2 Novemba

Baba mpendwa,

Barua na jibini kavu vimefika. Zizi la baridi limewapokea kwa amani? Sisi hatujambo, tunakohoa moshi wa jiji kama kawaida.

Baba, furgoni lako linakunywa lita ishirini kwa kilomita mia. Hata marehemu babu asingeliweza! Prius yangu, ya petroli na betri, inakunywa tano. Huku kila gari la pili ni hilo na hakuna anayecheka. Daktari alisema mama asikose dawa zake. Je, akikosa tena? Honi haishushi presha.

Mume wangu Tömör atawaletea Prius. Mimi hapa jijini nitapanda basi. Pokea, usibishe.

Binti yako,
Uran

Zavkhan, 21 Desemba

Binti yangu,

Wajukuu hawajambo? Huku baridi imefika thelathini na nane chini ya sifuri, mifugo inastahimili vizuri.

Gari limefika. Bonde zima lilikuja kulitazama. Jigjid akainama, akaligusa tumbo, akauliza, "Huyu mwanakondoo ananyonya kwa nani?" Nikamwambia, "Kwa binti yangu." Akasema, "Basi mvishe koti, asije akafa usiku."

Asubuhi nikalitunza kama mtu anavyotunza gari lake: nikaweka karai la samadi inayowaka chini ya injini. Plastiki ikaanza kudondoka. Nikazima moto, nikaingia, nikabonyeza kitufe. Kimya. Nikasema, nimeua gari la mtoto. Nilikaa dakika kumi ndani ya gari lililokwisha kuwaka kwa betri, bila mlio, nikilisubiri liwake.

Jigjid ameshaisimulia habari hii hadi bonde la tatu. Nimelirudisha furgoni mbele ya hema. Hilo lako nimelificha nyuma ya zizi.

Baba yako

Ulaanbaatar, 9 Januari

Baba,

Hamjambo? Sisi tumecheka mpaka majirani wakagonga ukuta. Ulikuwa unalibanika? Usiwashe moto tena! Funika injini kwa blanketi la sufu, basi.

Ila sikucheka uliposema umelificha. Mama anatakiwa hospitali baada ya sikukuu ya mwaka mpya, Mwezi Mweupe. Chagua, baba: aibu yako au dawa zake.

Uran wako

Ulaanbaatar, 15 Machi

Baba,

Salamu zitasubiri. Mwezi Mweupe umepita, wiki tatu zimekwisha bila barua. Mama yu hai?

Uran

Zavkhan, 28 Machi

Binti yangu mwenye kiherehere,

Mmetoka kwenye baridi kwa amani? Mama yako yu hai, ananikosoa mwandiko. Theluji ilifunga njia ya basi ya kuja kwenu; ya hospitali ilipitika.

Siku ya hospitali ilipofika, furgoni lilikataa. Saa tatu za moto, bonde zima limejikusanya, Jigjid ana mashauri matano, furgoni linakohoa tu. Nikaenda nyuma ya zizi. Nikatoa blanketi. Nikabonyeza. Likaondoka kimya, Jigjid akiwa bado anauliza kama limewaka.

Mama yako kabla ya kupanda alinyunyiza maziwa kwenye magurudumu, kuibariki safari. Mto ulikuwa barafu tupu, tukauvuka kama meza. Jigjid alilala kiti cha nyuma, alikuwa na shida yake mjini. Dawa tumepata. Tumerudi, na mshale wa mafuta haujafika nusu! Sasa kila anayepita namsimamisha nimwonyeshe huo mshale.

Usidhani umeshinda. Barafu ikiyeyuka, mwanakondoo wako atazama, na hema halikai juu ya paa lake. Lakini nani ana malisho mamoja mwaka mzima? Tuna zizi la baridi na kambi ya kiangazi. Sasa tuna gari la baridi na gari la kiangazi. Bonde hili hakuna mwingine mwenye mawili. Jigjid ameomba Tömör amtafutie lake.

Baba yako,
Damdin, mwenye magari mawili

Mama yako anasema niongeze: wiki jana daktari ameanza kuja mwenyewe bondeni na dawa, na atakuja kila mwezi, kwa pikipiki.