Nilimdanganya Mtoto Siku ya Kuzindua Dira ya Ukweli

Mpendwa Shangazi Veronicah,

Nakuomba unisaidie, na msaada wa kwanza ni unisaidie kulijua swali langu, maana hata mimi silijui, kila nikilishika upande huu linaniponyoka upande ule. Majina yote nimeyabadilisha, hata langu, kwa hivyo niite Nyawira.

Mimi ni mwalimu wa Gredi ya Tano katika shule ya msingi ya kanisa hapa Lavington, huu ni mwaka wangu wa kumi na moja, na ndimi ninayefundisha somo la dini, na tafadhali usinielewe vibaya, shule hii naipenda, ndiyo iliyonipokea nikitoka chuoni nikiwa sina hata viatu vya kubadilisha, na naamini kwa moyo wangu wote kwamba kumlea mtoto katika Kristo ni kumpa kitu ambacho hakuna mtu atamnyang'anya. Mwaka huu shule imetimiza miaka thelathini, bodi ikaamua tuandike dira mpya, kwa sababu ile ya zamani ilikuwa maneno marefu yaliyobandikwa ukutani ambayo hata sisi walimu hatukuyajua kwa kichwa. Tukachaguliwa watu watatu: mwalimu wetu mkuu Madam Jacklyne, mwenyekiti wa bodi Mzee Kibe, ambaye pia ni mzee wa kanisa, na mimi kama katibu. Miezi minne tulikutana kila Jumatano baada ya masomo, tukibishana wakati mwingine juu ya neno moja tu, na ni mimi, Shangazi, mimi mwenyewe, niliyesisitiza kwamba neno la kwanza liwe ukweli. Niliwaambia, "Watoto wetu wanajua kuimba na kusali, lakini kioo kikivunjika hakuna aliyevunja." Walicheka, wakakubali. Dira ikawa hivi: kumlea kila mtoto katika ukweli na upendo wa Kristo. Ni fupi, hata mtoto wa chekechea, wa PP2, anaweza kuisema.

Madam Jacklyne akapendekeza siku ya uzinduzi dira isomwe na mtoto, pamoja na ahadi ya nusu ukurasa niliyoiandika. Watoto kumi na wanne walijaribu, walimu watatu tukasikiliza tukiwa tumefumba macho ili tusimpendelee mtu, na aliyeshinda bila ubishi ni Urvashi wa darasa langu. Urvashi ni Mhindu. Yuko nasi tangu PP1. Wazazi wake wanafanya kazi Kigali, analelewa na babu yake, Mzee Kanubhai, mwenye duka la vifaa vya ujenzi kule River Road, na huyu mzee aliniambia mwenyewe kwa nini alichagua shule yetu. "Mimi nina dini yangu, Mwalimu, na mtoto ana dini yake," alisema. "Lakini siku nilikuja kuangalia, niliona walimu wanamsalimia hata mama anayefagia. Nikasema, hapa." Wiki mbili Urvashi alifanya mazoezi, wakati wa mapumziko ananifuata na karatasi yake, jioni anasomea dukani, mpaka babu yake akaniambia mafundi wanaokuja kununua misumari sasa wanaijua dira ya shule yetu kuliko wazazi.

Siku tatu kabla ya uzinduzi, nikaitwa ofisini nikamkuta Mzee Kibe. Hakuwa na ukali, na ndiyo maana nimechanganyikiwa, angekuwa mkali ningejua la kufanya. Alisema, "Mwalimu, huyo mtoto simchukii. Namjua, ni mtoto mzuri sana. Lakini siku hiyo tunawaambia watu sisi ni nani. Akisimama mtoto ambaye mwenyewe haamini yale anasoma, tutakuwa tumesema nini? Tunamwonea Kristo haya?" Shangazi, sikuwa na jibu, na mpaka leo sina, kwa sababu kuna sehemu yangu iliyosema huyu mzee ana hoja. Madam Jacklyne akaniambia, "Nyawira, wewe ndiye anakusikiliza. Mwambie programu imefupishwa, hakuna mtoto atasoma."

Nikamuuliza, "Na akiona mwingine anasoma?"

"Tutasema ilibadilika tena. Aki, Nyawira, ni mtoto. Atasahau."

Nilimkuta Urvashi kwa mfereji akiosha kikebe chake cha chakula, nikamwambia. Akasema, "Sawa, Mwalimu," kisha akauliza kama anaweza kubaki na ile karatasi.

Uzinduzi ulikuwa Jumamosi, na Jumamosi ndiyo siku mafundi wananunua vitu, lakini Mzee Kanubhai alifunga duka akaja na koti lake la kijivu, wakaketi safu ya tatu, yeye na Urvashi, kwa sababu mtoto alimwambia ingawa hasomi, wanaweza kwenda kusikiliza. Akaitwa Shiru wa Gredi ya Sita. Alisoma vizuri, yeye hana kosa. Mimi nilikuwa nimesimama kando ya ukuta, na niliona midomo ya Urvashi ikisogea, anasoma pamoja na Shiru bila sauti, kila neno, na lile neno langu la ukweli likiwemo, mpaka mwisho. Watu wakapiga makofi. Na yeye akapiga.

Jumatatu alinijia. "Mwalimu, nilikuwa nasoma vibaya?" Nikasema hapana, ni mambo ya programu tu. Akasema, "Ukinionyesha mahali nilikosea, nitarekebisha." Tangu siku hiyo hainui mkono darasani, nikimwita anajibu, lakini mkono hainui.

Jumatano babu yake akaja, nikampa kiti akakataa. "Mtoto anasema programu ilibadilika," akasema. "Ilibadilika saa ngapi?" Na mimi, sijui yalitoka wapi, nikasema lilikuwa kosa la uchapaji. Akanijibu, "Mwalimu, hizo karatasi zilichapwa River Road, mlango wa tatu kutoka kwangu. Nimeenda nikauliza. Jina la Shiru lilikuwa hapo tangu Alhamisi." Hakupaza sauti. Akasema hataki aombwe msamaha mbele ya watu, anataka barua kutoka shuleni, ajue atamwambia mtoto nini.

Sasa barua imeandikwa, Madam Jacklyne ameiandika, inasema Urvashi mwenyewe alijiondoa kwa sababu ya woga na mwalimu wa darasa anathibitisha, na chini kuna nafasi ya sahihi yangu. Natakiwa kutia sahihi kabla ya shule kufungwa, wiki mbili zijazo. Nafasi ya naibu mwalimu mkuu iko wazi, na nimeambiwa jina langu ndilo limependekezwa. Mume wangu, Wahome, anasema, "Sahihi ni wino tu, mama. Na watoto wetu wawili wako hapo hapo." Rafiki yangu Awiti, mwalimu wa Gredi ya Nne, anasema niache kazi kesho niende kwa waandishi wa habari. Ninaposali, siku moja nasikia niwatii walio juu yangu, siku nyingine nasikia sauti ya yule mtoto akiniuliza alikosea wapi. Je, Mzee Kibe ana haki? Kama anayo, mbona najisikia mchafu? Kama hana, mbona nilishindwa kumjibu? Inawezekana shule iwe ya Kikristo kweli kweli bila kumuumiza asiye Mkristo? Na nikienda kuungama, ni kwa ajili ya mtoto, au nataka tu nilale vizuri? Nisaidie, Shangazi, mimi sijui tena hata ninachokifundisha.

Nyawira, Lavington

*

Nyawira,

Kwa kuwa hiyo barua ya uongo inangoja sahihi yako, sikusubiri zamu yako gazetini, nilikupigia simu kwa namba uliyoniachia. Yafuatayo ndiyo niliyokuambia, na nayaandika hapa kwa sababu najua hauko peke yako.

Kwanza pole. Kumsimamia mtoto mbele ya watu wawili wanaokuzidi cheo, mmoja wao akizungumza kwa upole na kumtaja Kristo, si kazi rahisi. Wengi wetu tungekwama. Lakini pole yangu inaishia hapo.

Umechanganyikiwa kwa sababu umefunga mambo mawili kwenye kamba moja. La kwanza: je, shule ya kanisa inaweza kusema kwamba dira yake itasomwa na mtoto wa imani yake? Hilo ni jambo la kujadiliwa. Mzee Kibe ana maoni yake, mimi nina yangu, na nitakuambia yangu: mkishaandika "kila mtoto", Urvashi yumo, na mkitaka asiwemo, futeni neno "kila" mbele ya wazazi wote muone watasema nini. Lakini watu wema wanaweza kubishana juu ya hilo mpaka chai ipoe.

La pili halina ubishi. Ulimtazama mtoto wa miaka kumi usoni ukamwambia uongo. Kisha Jumatatu ukamwambia uongo mwingine. Kisha ukamwambia babu yake uongo wa tatu, na huo hakuna aliyekutuma. Sasa unaniuliza kama utie sahihi kwenye uongo wa nne, ambao unamfanya mtoto aonekane ndiye aliyekimbia. Nyawira! Kwa hilo hukuhitaji shangazi wala gazeti.

Unauliza kama kuungama ni kwa ajili yake au kwa ajili yako. Labda ni kwa yote mawili. Na iwe hivyo. Mtu akikukanyaga mguu, akiutoa wake ili atulize dhamiri yake, mguu wako si umepona? Mtoto huyo anaamini hajui kusoma. Kila siku unayotumia kuchunguza usafi wa nia yako, anakaa na imani hiyo.

Mume wako anasema sahihi ni wino. Mwulize kama angekuwa tayari jina la binti yenu liandikwe kwa wino huo. Awiti naye mwambie ahsante, lakini wewe huna haja ya waandishi wa habari, una haja ya watu wawili tu.

Fanya hivi. Usitie sahihi. Mwambie Madam Jacklyne mapema, kwa maandishi, kwamba hutatia na kwamba unakwenda kusema kweli, ili asije kusikia kwa watu. Halafu nenda River Road wewe mwenyewe, usipige simu, usitume ujumbe. Mbele ya babu, mwambie mtoto alisoma vizuri kuliko wote, aliondolewa kwa sababu si Mkristo, na wewe ulimdanganya. Usimtaje Mzee Kibe, usimtaje Madam, sema "mimi". Usilie. Ukilia, mtoto atalazimika kukubembeleza. Usimwombe akusamehe papo hapo, na usimwahidi kwamba atasoma kitu kingine ili umfute machozi. Kisha rudi kwenye kamati yenu na useme: kama hii ndiyo sheria ya shule, iandikwe, wazazi wasio Wakristo waisome kabla ya kuleta watoto. Kama tunaona haya kuiandika, basi si sheria yetu.

Cheo cha naibu kinaweza kukupita. Nakuambia mapema ili usije kuniuliza.

Shangazi Veronicah

*

Nyawira ameniandikia tena kabla ukurasa huu haujaenda mtamboni, na ameniruhusu nichapishe:

"Shangazi, nilikwenda Jumamosi. Madam Jacklyne alikuwa ameshasoma ujumbe wangu na hakunisemesha siku mbili, halafu akaichana ile barua mbele yangu, na mpaka sasa sijui kama amekasirika au amepumua. Cheo amepewa mwingine. Mzee Kibe amekubali tuzungumze kwenye mkutano wa bodi, lakini amesema hajabadilisha mawazo, na mimi bado sina jibu lake lote, ila sasa naweza kulala bila kuwa nalo.

"Dukani Mzee Kanubhai aliwaomba wateja wangoje nje. Nilisema kama ulivyoniambia, nikakazana nisilie. Babu alinisikiliza akiwa ameinamisha kichwa. Mwisho akasema, 'Ungesema hivyo Jumatano, Mwalimu, ningekasirika siku moja. Sasa itachukua siku nyingi.' Nikasema nimeelewa.

"Urvashi alikuwa ameketi juu ya ndoo ya rangi. Akaniuliza, 'Mwalimu, naweza kukukasirikia?'

"Nikasema, 'Unaweza.'

"Akasema, 'Basi nimekukasirikia.' Akashuka kwenye ndoo, akaenda kumsaidia babu yake kuhesabu bawaba, hakunigeukia tena. Nifanye nini sasa?"

Usifanye kitu, Nyawira. Hasira hiyo ni yake, na ameipata kwa haki. Usimharakishe kuimaliza, usimtumie zawadi, usimfanyie uso wa huzuni darasani. Jumatatu ingia kwa wakati, wape hesabu zao, na akikosea mwambie amekosea, akipata mwambie amepata. Aone kwamba mwalimu wake sasa anasema yaliyo kweli, hata kwenye vitu vidogo. Dira yenu haina kazi nyingine.