Siendi Ulaya Bila Luhaga

S.L.P. 118,
Sengerema,
Mwanza.

9 Machi 1997

Kwa Getruda mpendwa, mke wangu mdogo,

Marahaba! Najibu mapema, maana najua hapo ulipo umeshatamka shikamoo, na kama hujatamka, tamka sasa, nangoja. Hujambo mke wangu? Barafu inakutendeaje? Na masomo ya uuguzi je? Naomba Mungu wagonjwa wako wawe wanapona, na wasiopona wasikutaje jina.

Sisi huku wazima. Goti langu la kushoto limeanza kujidai ni mzee kuliko mimi, lakini likisikia ngoma linasahau umri wake. Bibi yako Tereza, mke mwenzio, anakusalimu na kuuliza kama unakula. Nimemwambia mtu aliyepigwa picha amevaa koti kubwa namna ile hatujui amenenepa au ni koti. Baba yako Paulo yuko palepale Mwaloni, Kirumba, na dagaa zake. Akija kututembelea mbwa wanampokea kuliko sisi.

Mvua imekuwa nzuri. Mahindi yamesimama na mpunga unapendeza. Mwaka huu watu watavuna, na wakivuna watataka kucheza. Hapo ndipo tabu yangu yote ilipoanzia, kaa chini nikueleze.

Barua ya Bwana Anders imefika. Unamkumbuka, yule Mswidi wa visima, aliyetaka kujifunza ngoma yetu ya bugobogobo akarusha jembe juu, likarudi chini kabla yeye hajaondoka. Ameandika kwamba yale mliyoyapanga wewe na yeye yamekubaliwa: kikundi changu kije tucheze kwenye sherehe zao za kiangazi, tuzungushwe kwa basi nchi baada ya nchi, Juni mpaka Agosti. Tena ameniachia mimi kiongozi nichague tupite wapi. Getruda! Mimi mtu wa darasa la nne, naipanga Ulaya!

Nikaenda kwa mwalimu Venant kuazima atlasi ya shule. Hiyo atlasi ni ya zamani, ina Ujerumani mbili. Nikamwambia vizuri, tutacheza zote mbili. Akanieleza kwamba siku hizi moja imeimeza mwenzake. Basi nikaweka punje ya hindi kila mahali ninapotaka kulala, na kuku wa Tereza akala Ubelgiji. Ndiyo maana Ubelgiji hatupiti.

Njia yenyewe ni hii. Tutaanza kwenu Uswidi, mji wenu wa Kiruna, huko juu kabisa ambako karatasi inakaribia kwisha. Venant alipoliona jina alidhani nimekosea kuandika Kirumba. Kutoka hapo tunateremka Denmark, tunaingia Ujerumani. Ujerumani nina shughuli yangu. Babu yangu aliwabebea Wajerumani mizigo kwa miguu mpaka Tabora. Mimi nataka mmoja tu, awe mzee awe kijana, anibebee begi langu kutoka kwenye basi mpaka mlangoni. Nitamshukuru na yaishe.

Halafu Uholanzi, kwa sababu ya ng'ombe. Mapadri waliotubatiza walikuwa wakitusifia ng'ombe wa kwao mpaka tukawa hatusikii Injili. Nataka nikae nao siku nzima, nisisumbuliwe. Na kama kuna kijana wa huko anakuzungukazunguka, usinifiche, nitazungumza na baba yake palepale zizini, mali ikiwa mbele ya macho. Kisha Ufaransa, kisha mwisho Italia, maana Tereza ameapa kwamba nikirudi bila rozari ya Roma nilale na mbuzi.

Nilimuuliza kama hataona upweke miezi yote hiyo. Akasema, "Nenda baba, nenda. Na mimi nipumzike."

Usafiri wa ndege haututishi. Sangara wetu wanapanda ndege kila siku pale Mwanza kwenda huko kwenu, minofu mitupu, sisi wenye ziwa tunaachiwa mapanki, vichwa na mifupa. Kama samaki aliyekatwa kichwa anafika salama, mimi mwenye kichwa nitashindwaje? Nikifika niandalie sangara. Nataka kuonja ule upande wake mwingine.

Sasa tabu. Siku nilipomaliza kupanga njia nilifurahi mpaka usingizi ukakataa. Kumekucha nikakumbuka: Juni mpaka Agosti! Hiyo si ndiyo miezi yetu ya mashindano? Wewe umekulia humu, unajua. Mavuno yakiisha, sisi Wagika tunasimama upande huu wa uwanja, Wagalu upande ule, ngoma zinalia kwa pamoja, na watu wanatembea kwenda kwa anayewafurahisha. Mwenye watu wengi jua linapozama ndiye mshindi. Sasa mimi niwe Uholanzi natazama ng'ombe, na mzee Luhaga, kiongozi wa Wagalu, amebaki hapa na uwanja mzima! Angeshinda kila Jumapili bila kutoka jasho. Ningerudi na rozari yangu nikute hata wajukuu wangu wamekuwa Wagalu.

Na jambo la pili, nilivyozidi kufikiri, ndilo liliniuma zaidi. Huko Ulaya tungecheza na nani? Bwana Anders ameandika watu wanakaa kwenye viti, wanapiga makofi, wanakwenda nyumbani. Hivyo nitajuaje kama nimecheza vizuri? Mtu aliyekaa kwenye kiti chake hajachagua. Mimi tangu nilipopewa uongozi sijawahi kurusha jembe bila kuangalia kwa pembeni Luhaga anafanya nini.

Nikaita kikundi. Nikasema nusu yetu watabaki, nafasi zao nawapa Luhaga na watu wake. Mama yangu, ungewasikia! Chenge, mpiga ngoma wangu mkubwa, alisimama akiwa na fimbo zake mkononi.

"Mzee Yakobo, wewe una homa?"

"Sina."

"Basi umelogwa. Tumpandishe Luhaga ndege? Yule aliyetuimba mwaka juzi kwamba tunacheza kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto?"

"Aliimba vibaya?"

Chenge akafikiri. "Hapana," akasema, "wimbo ulikuwa mzuri."

"Basi Wazungu nao wausikie."

Walinuna, wakapiga kura, wakakubali. Nilidhani kazi imekwisha, kumbe kazi ilikuwa Luhaga mwenyewe. Nilimwendea nyumbani kwake, nikamkuta anamwosha chatu wake wa kuchezea ngoma. Nikamweleza safari yote, nchi kwa nchi. Akanisikiliza vizuri, akaniletea maziwa, kisha akasema, "Yakobo, safari njema. Mimi nitakulindia uwanja."

Nilikwenda mara ya pili, akasema haendi mahali ambapo chatu wake hakaribishwi. Kweli nimemuulizia, na ofisi ya ndege walinitazama kama mimi ndiye chatu. Mtoto wake wa kiume atamlisha. Nikaenda tena, akasema ninataka kumpeleka mbali na dawa zake za ngoma ili nimshinde. Nikamwambia hata mimi Padri amenikataza kubeba zangu, nimemwambia ni ugoro. Alicheka mpaka akakohoa, na kile kikohozi, Getruda, hakikunipendeza. Kilikaa ndani sana. Mwaka jana tulipocheza naye alipumzika katikati, akasingizia mshipi wake umelegea. Nikamsubiri na mimi nikasingizia wangu.

Hapo ndipo nilipoona kwamba kama Luhaga haji, mimi pia siendi. Nilishakata shauri kumwandikia Bwana Anders kwamba hatuji, maana anataka majina kabla ya Pasaka. Tereza alinitazama nachonga kalamu ya risasi akasema, "Wanaume wawili wazima, kila mmoja anamwogopa mwenzake asicheze peke yake. Si mngeoana?" Niliendelea kuchonga.

Ikaja barua yako ya mwezi wa pili, ile uliyosema niandae macho kwa sababu Juni huko Kiruna jua halizami. Uliandika ili nije na kitambaa cha kufunika macho wakati wa kulala. Mke wangu, hukujua umeandika nini! Niliisoma mara moja, nikachukua baiskeli na goti langu, mpaka kwa Luhaga. Alikuwa anapalilia. Nikabaki nimesimama pembeni ya shamba.

Maana wewe unakijua kisingizio chake. Kila nikimshinda, maisha yake yote, husema neno moja tu: jua limemwahi. Watu walikuwa ndio kwanza wanaanza kuhama kuja kwake, angewachukua wote, lakini jua limezama. Mwaka wa njaa alisema hivyo, na siku ya harusi ya baba yako alisema hivyo.

"Luhaga," nikamwambia, "kuna mahali Juni jua halizami."

Hakuinua kichwa. "Mwongo."

"Mjukuu wangu anaishi hapo. Linazunguka juu tu kama mwewe, halitui."

"Usiku?"

"Hakuna usiku."

Akaweka jembe chini. Nikamwona anafikiri, na mimi namjua akifikiri, masikio yake yanasogea. Akauliza, "Sasa mashindano yanaisha saa ngapi?"

"Hayaishi. Mpaka mmoja aseme mwenyewe kwamba ameshindwa."

Akatazama mahindi yake, akautazama mguu wangu. "Na watu wakichoka wakaenda kulala?"

"Tutabaki wawili," nikasema.

"Wawili tu, uwanja mzima."

"Wawili tu."

Luhaga akapangusa mikono kwenye suruali yake, akasema, "Picha ya paspoti inapigwa wapi?"

Tulivuka juzi kwa feri kwenda Mwanza, tukapiga. Alikataa kukaa kwenye kiti mpaka mimi nitoke nje, eti nisimroge akatoka vibaya. Ametoka vibaya. Majina yote yameshatumwa kwa Bwana Anders. Sasa nasikia Luhaga anakunywa uji wa ulezi asubuhi na jioni na anazunguka kijiji chake mbio. Mimi nalala mchana, nazoea.

Basi ninachokuomba ni hiki. Nchi nyingine zote waweke viti wanavyotaka, tutacheza kwa adabu, tutapigiwa makofi. Lakini Kiruna, mwambie Bwana Anders asiweke kiti hata kimoja, wala asiandike saa ya kumaliza. Na Chenge ametaka kujua kama kuna nyasi, maana kwenye barafu hachezi. Ukishatusalimia sisi wazee wako, nenda nyumbani ukale, ukalale. Usitungojee.

Wasalimie wenzako wa hospitali, na huyo mama mwenye nyumba anayekupa chai. Baba yako Paulo, mama yako Selina, mwalimu Venant, na hata Luhaga, wote wanakusalimu. Tereza anasema vaa soksi. Mungu akutangulie kila unapokanyaga, akupe mikono myepesi kwa wagonjwa na akurudishe kwetu ukiwa na meno yote.

Ni mimi mumeo mzee, ninayekupenda kuliko vijana wote wa huko wanaojua kuteleza kwenye barafu,

Babu Yakobo