Karabai Saa Tisa Mchana

Jumatatu, 4 Juni 1956. Iringa

Sari nne kabla ya chai. Milango ya duka imefungwa saa tisa mchana, karabai imewashwa, mimi nimesimama juu ya sanduku katikati. Ndivyo tunavyofanya kwa sari za jioni. Hariri ya zari, ile ya nyuzi za dhahabu na fedha, ukiichagua kwenye jua utajuta. Mchana zote zinametameta sawa. Taa ikiwaka ndipo unajua ipi inampendeza mtu na ipi inamfanya aonekane mgonjwa.

Hizi za leo ni za Kusum, binti wa Bwana Hirji mwenye duka. Anaolewa Mbeya tarehe 23, na kwenye karamu ya jioni lazima ang'ae kuliko wote. Mwenyewe hapendi kusimama. Mimi na yeye kimo kimoja, mabega mamoja, basi napimwa mimi. Mama yake anakaa kwenye kiti ananiambia geuka. Nageuka. Bwana Hirji anainua taa, anashusha taa.

Mabega hayo tumeyatoa kwake wote wawili. Ni baba yangu pia. Mji mzima unajua, hakuna anayesema. Dukani namwita Bwana.

Miguu inauma. Kingine sisikii.

Jumatano, 6 Juni

Mama ameleta njegere kutoka Kilolo, mkononi mwa jirani aliyekuja sokoni. Na salamu zake ni zile zile: Bwana amesema tena?

Hajasema tena. Alisema mara moja, Krismasi iliyopita, tuko stoo wawili tunapanga majora ya vitambaa. Kusum akiolewa utakwenda Mbeya na sisi, utavaa sari, utakaa na wanawake wa nyumbani. Alisema akiangalia majora. Nikajibu ndiyo, Bwana. Nina miaka ishirini na miwili, na hayo ndiyo maneno pekee ya baba niliyowahi kupewa. Mama alipoyasikia alicheza peke yake jikoni, mwiko mkononi. Akikuweka mbele ya watu wake, alisema, mimi nitakufa nimeshiba.

Mwenye kungoja ni yeye. Mimi nimengoja mpaka nimekufa ganzi. Lakini nikisema ukweli, nataka. Nataka mtu mmoja wa kwao anione nimekaa pale, aulize huyu nani, na Bwana Hirji ajibu.

Njegere tamu. Nimekula zote.

Jumamosi, 9 Juni

Imepatikana. Rangi ya shaba, zari tupu, ncha ya begani ina maua ya dhahabu. Mama Kusum alikuwa ameng'ang'ania ya fedha. Nikamwambia fedha itamfanya Kusum awe kama mtu aliyetoka kwenye homa. Akanuna. Kusum akasimama mwenyewe chini ya taa, fedha begani, akajiangalia kwenye kioo. Akasema, Mama, Pina anasema kweli. Pina ni mimi. Jina langu Agripina, ila hapa hawana nafasi ya jina refu.

Hariri hii ngumu, haina huruma. Ukiifunga kama sari ya pamba inatuna tumboni. Marinda sita, si tisa. Kila rinda unalibana kwa vidole mpaka likubali. Ncha inapita bega la kulia, inashuka mbele, ili maua yaonekane. Pini unaificha kwenye upindo, kwa sababu ukitoboa zari uzi unakatika na haushonwi tena. Usiikunje mahali pale pale kila siku. Usiinyunyizie manukato. Nayajua haya yote na sijawahi kuvaa sari zaidi ya nusu saa.

Jioni Kusum akanifuata stoo na ile ya fedha. Akasema hii yako, ya Mbeya. Wewe una weusi kidogo, itakukaa. Ndivyo alivyo, hana maneno ya kupaka mafuta. Hajawahi kuniita dada, lakini hajawahi kuniita kwa kidole pia.

Nimefurahi. Naandika hapa ili kesho nisijidanganye kwamba sikufurahi.

Jumanne, 12 Juni

Shangazi wa bwana harusi amefika kutoka Mbeya bila taarifa. Alikaa Bara Hindi miaka mingi, kwa hiyo hakuwa amemwona Kusum hata siku moja. Mlango wa mbele umefungwa, akapitia uani. Akanikuta mimi juu ya sanduku, nimevaa ya shaba, ncha imefunika kichwa, taa usoni. Bwana Hirji ndiye aliyeishika.

Loo, alipiga kelele ya furaha! Akanishusha, akanishika mashavu, akapitisha mikono kichwani mwangu na kuvikandamiza vidole vyake kwenye paji la uso wake mpaka vikalia, vile wanavyofanya kuondoa kijicho. Akavua bangili ya dhahabu mkononi mwake akanivika. Akasema kwa Kigujarati: macho ya baba yake haya, hata mtu asiambiwe. Kigujarati nakisikia. Miaka sita kwenye kaunta si mchezo.

Nikamwangalia Bwana Hirji. Nafasi ilikuwa yake. Angeweza kusema huyu wangu wa kwanza, Kusum yuko ndani. Maneno saba. Tulisikia karabai tu inavuma.

Akasema, "Huyu wa dukani. Anatupimia nguo."

Bangili ikakataa kutoka. Mama Kusum akaleta sabuni na karai. Yeye anavuta, mimi nimenyoosha mkono, Kusum ametoka ndani anainua sari isilowe. Shangazi mwanzoni alicheka. Halafu akaacha kucheka, akawa anaangalia uso wangu, anaangalia uso wa Bwana Hirji, anarudi kwangu.

Mkono umevimba. Nilingoja kuona kama nitalia. Sikulia.

Jumatano, 13 Juni

Blauzi mbili. Upindo mmoja. Hakuna la kuandika.

Ijumaa, 15 Juni

Nimeitwa stoo. Bwana Hirji akaanza na baridi ya mwaka huu. Akaja kwenye mizigo. Mwisho akafika.

Mbeya nitakwenda, kwa sababu hakuna mwingine anayeweza kuifunga ile sari. Wao watakwenda na gari. Mimi na basi, na masanduku. Nitavaa gauni langu na khanga. Nitakaa chumba cha nyuma na pini zangu. Wakwe wameanza kuuliza, alisema, na wakisikia kitu watavunja uchumba. Hakusema wanauliza nini. Aliniomba nielewe.

Nikasema ndiyo, Bwana. Yeye ndiye aliyelia, jamani! Nikampa pembe ya khanga yangu ajifute.

Ile ya fedha nimeipakia hata hivyo. Nimeifunga kwenye pamba nyeupe, maana zari ikipigwa na hewa inakuwa nyeusi. Sijui naipeleka ya nini. Mama sijamwambia.

Alhamisi, 21 Juni. Mbeya

Basi siku mbili. Vumbi mpaka kwenye meno. Kwenye masanduku haikuingia hata punje, niliyafunga turubai mwenyewe.

Baridi ya hapa inakata masikio. Asubuhi nyasi zilikuwa nyeupe. Nimekwenda sokoni Mwanjelwa kutafuta pini ndogo, za dukani zilishika kutu. Mama mmoja muuza ndizi akanisemesha Kinyakyusa, nikashindwa. Akajaribu Kiswahili: wewe Mhindi au mtu wetu? Nikamwambia natafuta pini. Akacheka sana, akanionyesha kibanda.

Wanawake wa nyumba hii wanataka kuvaa sweta juu ya zari. Nimekataa kabisa. Sweta ndani ya blauzi, nimewapanulia mishono. Wamenung'unika, wakakubali. Kwa mambo ya nguo wananisikiliza.

Shangazi ananiangalia mezani, uani, kwenye ngazi. Mimi naangalia sindano.

Jumapili, 24 Juni

Ya jana.

Nimewafunga sari wanawake kumi na mmoja, Kusum wa mwisho. Alipotoka kwenye taa za ukumbini watu waligeuza shingo. Ile shaba iliwaka kama makaa yaliyopulizwa. Marinda sita yamelala sawasawa, hakuna pini iliyoonekana. Kazi yangu hiyo. Niliiona kupitia upenyo wa mlango.

Kabla hajatoka, Kusum aliniuliza ya fedha iko wapi. Sandukuni, nikasema. Akasema, vaa, Pina. Mama yake akamshika kiwiko wakaenda.

Nikavaa. Sijui kwa nini. Labda mikono ilikuwa imezoea kufunga, ikashindwa kuacha. Kioo kidogo na mshumaa mmoja. Kusum alisema kweli, inanikaa. Nilisimama tu.

Mara shangazi akaingia, ncha ya sari yake imefumuka begani. Akaniona. Hakushtuka. Akanipa bega, nikaanza kulitengeneza. Akauliza kwa Kiswahili, taratibu, kama mtu anayeuliza njia.

"Baba yako nani?"

Nyuma ya pazia la mlangoni palikuwa na karabai. Karabai haiwezi kujificha, inavuma. Chini ya pazia nikaona mwanga na viatu vyeusi viwili, vile ninavyovipiga rangi kila Jumamosi. Sijui Bwana alifuata nini. Labda alikuja kuniona. Alisimama.

Ningetaja jina moja, na Kusum angerudi Iringa na sari yake. Nililijua hilo. Lakini nililijua la pili pia: yeye akiingia sasa hivi, akisema mwenyewe kwa kinywa chake, mimi sina haja ya kusema kitu. Nikangoja. Nilichoma pini ya kwanza. Ya pili. Ya tatu nikaichomoa nikaichoma upya ili kumwongezea muda. Pazia halikutikisika.

Nikasema, "Alikufa. Zamani, mimi bado mdogo."

Shangazi akageuza kichwa. Aliangalia pazia, aliangalia sari yangu. Akasema, "Pole, mwanangu." Akanigusa shavu, akarudi kwenye karamu. Mwanga chini ya pazia ukaondoka.

Nikavua, nikakunja. Si mahali pale pale.

Harusi imekwenda vizuri. Kila mtu anasema hivyo.

Jumatatu, 25 Juni

Bwana Hirji amenisindikiza kituo cha basi mwenyewe. Jambo geni. Hata sanduku alilibeba, watu wanaangalia. Akasimama chini ya dirisha langu mpaka injini ikawaka. Macho yalikuwa mekundu. Akafungua mdomo, akaufunga. Akafungua tena.

"Umesahau pini zako," akasema. Akanipa kopo.

Tulipopita Chimala nikalifungua nikaangalia. Pini tu.

Dukani sirudi. Nimeamua kabla ya Igawa, bila hasira. Hasira ningeipenda.

Jumapili, 8 Julai. Kilolo

Ukungu asubuhi, halafu jua. Wiki nzima tumechuma njegere. Mama hakuuliza kitu. Aliniona nashuka na sanduku langu lote, akanipokea, akaniwekea uji.

Leo tulipotoka kanisani akaniambia nimwonyeshe ile sari ya fedha. Nikamfunga. Mama mfupi, marinda yakawa manane. Akatoka nayo nje kwenye jua, akajiangalia chini, akajiangalia mikono.

"Mbona ya kawaida tu?"

Nikamwambia hii ya jioni, Mama. Mchana haijionyeshi.

"Basi tungoje jioni," akasema. Akakaa mlangoni vile vile, na sari yake na miguu pekupeku, akavuta beseni la njegere. Tukamenya. Majirani walipita, wanatusalimu kwa Kihehe, Kamwene, Kamwene, wanamwangalia, na yeye anaitikia kama vile nguo hiyo amezaliwa nayo. Nilicheka. Sikumbuki lini nilicheka mara ya mwisho.

Beseni lilipofika nusu, akauliza bila kuinua uso.

"Baba yako hajambo?"

Mkono wangu ukasimama kwenye ganda.

"Hajambo," nikasema.

"Mungu amsaidie."

Tukamaliza beseni. Jua likazama nyuma ya mashamba, baridi ikashuka. Nikawasha kibatari. Mama akapanda juu ya kigoda, akashika ukuta kidogo, akauachia. Nikainua taa. Nikashusha taa.

Geuka, nikamwambia. Akageuka.