Mukono na sahani

Runingu, nyumbani kwenu

Irankunda, mujukuu wangu,

Huku muchele umeiva, mbuzi amezaa, na miguu yangu inauma kama kawaida.

Unapiga simu kutoka Bukavu, unaomba picha ya mama yako Libérate. Kumuzika hukuja, eti kazi. Sasa unataka sura yake uiweke ku simu, watu wakupe pole.

Sikiliza. Siku tulimaliza kilio cha babu yako, ulitusimamisha jamaa yote kwa muzunguko. Ukasema apareyi yako ya picha ni ndogo, inakata watu wa kando, ndiyo maana umeifunga lensi ya jicho la samaki, inayoona pana. Ukageuka-geuka pale katikati, unapiga picha moja moja ili uziunge zikuwe moja. Ukafoka: "Mutu asitikisike!"

Mama yako alitikisika. Aliona mutoto wake hajakula tangu asubuhi, akakuletea sahani.

Picha ukaituma. Nyumba imepinda kama ndizi, minye niko na kichwa kirefu, hata mbwa wa jirani iko muzima. Mama yako ulimukata pale ulipounga. Nilikuambia, ukacheka: "Bibi, tutapiga ingine."

Iko wapi hiyo ingine?

Mama yako picha ingine hakuacha. Ku ile picha yako umebaki mukono wake tu, umeshika sahani yako. Ndio tuliuweka ku musalaba wa kaburi yake. Kwa simu situmi. Weye njoo uutazame hapa, na miguu yako.

Ni minye, bibi yako,
Ninahazwe