Jiko la Chuma, Paa la Nyasi

Iyunga, Mbeya. Jumamosi, Julai 1956.

Asubuhi ukungu ulishuka mpaka mlangoni, baridi ya kung'ata masikio, na mimi nilikuwa macho kabla ya majogoo. Leo jiko langu linafungwa! Hiyo alama ya mshangao nimeiweka kwa makusudi, na ningeongeza nyingine, ila wino ni wa mume wangu.

Ni jiko la chuma la kuni. Lina mlango mbele, tanuri ya mkate ubavuni, na bomba la kutolea moshi. Lilikuwa la Mzungu mmoja mchimba dhahabu kule Chunya ambaye amefunga kazi anarudi kwao. Asajile, mume wangu, alimtengenezea masanduku ya safari naye akampa jiko. Lilikuja kwa lori wiki iliyopita, likakaa uani limefunikwa magunia, na kila nilipopita nilifunua pembe moja kama mtu anayemchungulia bibi harusi.

Tangu niolewe napika kwa mafiga. Macho yangu yamekuwa mekundu kiasi kwamba kanisani watu hudhani nalia kwa toba. Basi nani wa kunilaumu nikifurahi?

Aliyekuja kulifunga ni baba mkwe. Ni mwashi, na zipo nyumba nyingi za matofali hapa mjini ambazo dohani zake kazijenga yeye. Ila hapo ndipo kazi ilipo. Mimi na baba mkwe hatujawahi kuonana uso kwa uso.

Si ugomvi. Ndivyo ilivyo kwetu Wanyakyusa: mke haketi chumba kimoja na baba wa mumewe, hamtazami, wala hamsemeshi. Nikimwona njiani naingia migombani mpaka apite. Wapo watu wa misheni walioanza kulegeza, lakini mama mkwe hajalegeza hata uzi. Kwa hiyo baba mkwe namjua kwa kikohozi chake na kwa viatu vyake tu. Viatu ni vikubwa.

Mpango ukawa hivi: yeye na Asajile watakuwa jikoni, ng'ambo ya ua, nami nitakuwa chumbani nyuma ya dirisha lililorudishwa. Mama mkwe atakwenda na kurudi akibeba maneno. Ndiye simu yetu.

Nilichungulia kwenye ufa wa dirisha asubuhi nzima, sioni haya kusema. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, nikaona mikono yake ikifanya kazi. Alichimba sakafu, akapanga mawe, juu yake matofali ya kuchoma, ndipo wakaliweka jiko. Hakulisogeza ukutani. Aliacha nafasi ya mtu kupita ubavu, na ukuta wenyewe akausiliba udongo wa kichuguu. Karibu na mlango akaweka debe la mchanga. Nilimpenda mzee huyu bila kumwona sura.

Kisha likaja suala la bomba.

Banda letu la jiko limeezekwa nyasi. Baba mkwe alipanda ngazi, akatoboa tundu la kutosha bomba tu, akalipitisha, kisha akazibana nyasi kwa udongo pande zote mvua isiingie. Ndivyo afanyavyo kwenye dohani za matofali, na hazijamletea shida hata siku moja. Lakini tofali ni nene. Bomba la chuma ni jembamba, linawaka. Mimi kabla ya kuolewa nilifanya kazi jikoni kwa wamisheni Rungwe, na huko bomba lilipita katikati ya bati pana, nyasi zikakaa mbali kabisa. Siku moja niliuegemeza mkono kwenye bomba lile, nikaenda ibada ya Jumapili na bandeji.

Nikamwambia mama mkwe: tafadhali mwambie baba nyasi zikatwe, bati lizunguke bomba.

Akavuka ua. Nikasikia kwa masikio yangu mwenyewe: "Mkwe anauliza kama uji ulitosha."

"Ulitosha," akajibu baba mkwe.

Akarudi akaniambia, "Amesikia."

Jamani! Nilipomsihi arudi tena, alinitazama kana kwamba nimemtuma akaibe. "Wewe ukamfundishe baba wa mumeo kazi yake? Kinywa changu hakibebi hilo." Na Asajile, ambaye angeweza kulibeba, alikuwa ameshatumwa kufuata kuni kavu kwa rafiki yake, na Asajile akikutana na watu harudi mpaka habari zote ziishe.

Nilijiambia pengine udongo utatosha, pengine naogopa bure.

Basi baba mkwe akawasha moto. Jiko likanguruma, na juu ya paa moshi ukatoka kwenye ncha ya bomba, mwembamba, umenyooka, unakwenda zake angani badala ya kuja machoni mwangu! Niliruka-ruka chumbani peke yangu. Mama mkwe alipiga vigelegele, akakimbilia kwa jirani kumwita aje ashuhudie. Baba mkwe naye alikuwa anaongeza kuni, amenogewa kama mtoto.

Mimi ndiye niliyeona. Chini ya ncha ile, pale bomba linapopenya nyasi, kulikuwa na moshi mwingine. Mwanzo nilidhani ni umande unakauka. Kisha nyasi zikabadilika rangi, zikawa kahawia, halafu nyeusi. Yeye ndani asingeona kitu, maana kuna dari ya mianzi. Na paa lile likishika lingemwangukia.

Nilimtafuta mama mkwe kwa macho. Hayupo. Nikajitanda kanga mpaka puani, nikatoka, nikasimama kando ya mlango wa jikoni na kukohoa kwa nguvu, kama adabu inavyotaka.

Naye akakohoa. Halafu, mzee wa watu mwenye heshima zake, akageuka akaupa uso ukuta ili mimi nipite.

Nilikohoa tena. Akazidi kujibana ukutani. Juu yake nikasikia nyasi zikilia kwa moto.

"Baba! Toka nje! Paa linaungua!"

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Aligeuka, akanitazama. Kanga ilikuwa imeanguka mabegani, na mimi nilikuwa namtazama vilevile. Ana macho ya Asajile. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia.

"Maji," akasema.

Akapanda ngazi, akaanza kuzing'oa nyasi kwa mikono na kuzitupa chini. Niliumwaga mchanga wote wa lile debe ndani ya jiko juu ya kuni, nikafunga mlango wake, kisha nikakimbia na ndoo. Nampa ndoo, ananipa tupu. Nampa gunia lililoloa, analikandamiza juu ya paa. "Lingine!" anasema. "Hili hapa, baba!" nasema. Tulifanya kazi pamoja kama watu waliozoeana siku zote.

Moto ukafa. Paa likabaki na tundu la ukubwa wa ungo.

Ndipo wakatokea wote kwa pamoja, Asajile na mzigo wa kuni kichwani, mama mkwe na jirani yake. Wakatukuta, yeye juu ya ngazi, mimi nimeishika chini, kichwa wazi, sote weusi kwa masizi. Mama mkwe alijishika kichwa. Alisema sasa wazee lazima waitwe, maana jambo hili halijatokea katika nyumba yake.

Nilikimbilia chumbani, nikajifungia. Si moto ulionitisha. Nilikuwa nawaza kwamba sasa atakusanya zana zake aende, na hatakanyaga tena hapa, na Asajile atakuwa hana baba wa kumtembelea kwa sababu ya mkewe. Nililia, na safari hii haikuwa moshi.

Kisha nikasikia kile kikohozi.

"Muulize," alimwambia mama mkwe, "huko Rungwe waliacha nafasi kiasi gani?"

Mama mkwe alikuja dirishani, kanuna. Nikamwambia: kutoka ncha ya kidole mpaka kiwiko, kila upande. Safari hii alilibeba neno langu zima-zima, bila kulitia uji.

Mchana wote walifanya kazi. Nyasi na mianzi ya dari vikakatwa, bati likawekwa pana kuzunguka bomba, likafungwa kwa waya. Bomba likarefushwa lipite kilele cha paa, na juu yake wakaweka kofia ya bati la debe, cheche zisiruke. Debe la mchanga likajazwa upya. Moto wa pili waliuwasha mdogo. Baba mkwe alipanda tena, akaweka kiganja penye ukingo wa nyasi na kukiacha hapo muda mrefu sana. Alishuka, akaenda kunawa.

Na mimi nikapika! Ndizi na maharage, juu ya chuma, nimesimama wima kama mama wa ofisini, macho makavu. Chai ilichemka kabla sijapata sukari. Baba mkwe alikula uani, ameupa mgongo mlango wangu, kama siku zote. Mama mkwe alipeleka sahani na kurudisha sahani. Mzee hakusema kama chakula kilikuwa kizuri, ila sahani ilirudi imefutwa.

Jua lilipokuwa linazama alichukua zana zake. Nilisikia viatu vikija, nikadhani vinapita kuelekea barabarani. Vikasimama nje ya ukuta wa chumba changu. Nikasimama na mimi, upande wa ndani. Mama mkwe alisogea karibu naye, tayari kupokea maneno.

"Mama Asajile, mwambie..." alianza.

Akakatisha.

"Binti," akasema. "Kabla ya kulala, angalia mlango wa jiko umefungwa."

Mama mkwe hakuwa na la kubeba. Ujumbe ulikuwa umeshafika.

"Ndiyo, baba," nikajibu.

Viatu vikaondoka.

Nimekwenda kuuangalia mlango. Umefungwa. Naweka kalamu chini, nakwenda kuuangalia tena.